Bili ya Maji Isiyofika Amani

Bomba la Chumbageni, jijini Tanga, linaanzia milimani. Mvua inayonyesha Amani na vilima vingine vya Usambara Mashariki hukusanywa na Mto Zigi, ikateremka hadi bwawa la Mabayani, ikasafishwa Mowe, ndipo ikasambazwa mjini. Kwa hiyo mvutano juu ya msitu wa Amani, ambao watu wengi wa mjini huuona kuwa ni wa wanakijiji na maofisa misitu, unamhusu pia mtumiaji wa maji wa Tanga. Yeye ndiye mnufaika mkubwa, na ndiye asiyeonekana mezani.

Wadai wa msitu ule ni wengi. Wanasayansi wapo tangu mwaka 1902, Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti na bustani ya mimea. Makampuni ya chai yanahitaji mvua na ukungu wake. Wanakijiji wanahitaji kuni, dawa na ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaja hata wachimbaji wa dhahabu, wakachimbua kingo za vijito.

Wala serikali haikuwa upande wa miti siku zote. Katika miaka ya 1970 na 1980, kiwanda cha umma cha Sikh Saw Mills cha Tanga kilivuna magogo kwa mashine huko Usambara Mashariki, kwa msaada wa Finland. Uvunaji huo ulipopigwa marufuku, Finland hiyohiyo ikafadhili mradi wa kuhifadhi misitu lindimaji. Mwaka 1997 Amani ikatangazwa hifadhi ya mazingira asilia, yenye ukubwa wa hekta 8,380 hivi. Mkulima aliyeshuhudia magari ya magogo yakipita mlangoni kwake akaambiwa sasa panga lake ndilo hatari.

Mfano wa Derema unaonyesha ugumu wenyewe. Hapo ni ushoroba wa msitu unaounganisha Amani na misitu ya kaskazini yake, na ndani yake wakulima walilima iliki. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima huiacha miti mikubwa na kufyeka vichaka na miche iliyo chini. Ukitazama kwa mbali utasema msitu ni mzima, kumbe hauna watoto: mti mkubwa ukianguka, hakuna wa kushika nafasi yake. Wahifadhi walikuwa na hoja.

Lakini mkulima naye alikuwa na hoja. Iliki ndiyo ilikuwa ada ya shule na bati la nyumba. Zaidi ya wakulima elfu moja walilipwa fidia ya mazao, baada ya miaka ya ubishi juu ya viwango. Mashamba mbadala yaliyotolewa yalikuwa tambarare, kwenye lililokuwa shamba la mkonge, na iliki haistawi katika joto la huko. Fidia hulipwa mara moja. Shamba la iliki lilikuwa likilipa kila msimu.

Sheria ya Misitu ya 2002 ilikusudia kutuliza mivutano ya namna hii. Kijiji kikitenga msitu kwenye ardhi yake, mapato yake ni ya kijiji. Kwenye msitu wa serikali, kijiji huingia mkataba wa usimamizi wa pamoja: kinafanya doria, kinazima moto, kinapata sehemu ya faida. Tatizo ni kwamba katika hifadhi kama Amani mbao hazivunwi, kwa hiyo faida ya kugawana ni ndogo. Mkono mtupu haulambwi. Doria ya kujitolea huanza kwa ari, ikaishia kwenye daftari la mahudhurio.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 64 hivi. Mwenye ekari moja kando ya Zigi akiitii sheria hiyo, amebaki na ukanda wa mita nne.

Asipoitii, udongo wake unashuka Mabayani. Tope hupunguza nafasi ya maji bwawani na kuongeza dawa za kusafishia, na gharama hiyo hatimaye humrudia mlipa bili. Tunalipia uharibifu wa chanzo cha maji tayari, ila tunamlipa muuza dawa.

Jiji la New York liliwahi kupiga hesabu hii. Mwaka 1997, mwaka uleule wa Amani, lilikubaliana na jamii za milima ya Catskill kugharimia ulinzi wa vyanzo vyake vya maji, likaepuka kujenga mtambo wa kuchuja wa mabilioni ya dola. Tanga haianzi sifuri. Bonde la Zigi lina umoja wa wakulima wahifadhi, UWAMAKIZI, unaoshirikiana na mamlaka ya maji. Na mwaka 2024 mamlaka hiyo, Tanga-UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji.

Msitu nao ni miundombinu. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye bili: kiasi kidogo, kinachojulikana, kinachokwenda kwa wakulima walioacha mita zao 60 na vijiji vinavyofanya doria, na hesabu yake isomwe hadharani Amani na Chumbageni. Wapo watakaosema maji ni ghali tayari. Basi waulize pia shehena ya dawa ya kusafishia tope inagharimu kiasi gani.