Kalamu ya Risasi Isiyo na Risasi

Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, mzazi amnunuliaye mtoto vifaa vya shule huomba penseli. Wazee wetu waliiita kalamu ya risasi, na kamusi zimelihifadhi jina hilo. Yafaa mwalimu ajue ya kuwa ndani ya kalamu hiyo hamna risasi.

Jina hili lalingana na la Waarabu, waiitao penseli qalam rasas, na neno letu risasi lilitoka kwao. Ulaya nako walidhani vivyo hivyo: jiwe jeusi lililochimbwa Borrowdale, Uingereza, tangu karne ya 16, lilihesabiwa kuwa namna ya risasi. Mwaka 1779 Carl Wilhelm Scheele, mwanakemia wa Sweden, alionyesha kwamba ni kaboni, ambayo ndiyo asili ya almasi pia. Mwaka 1789 Mjerumani Abraham Gottlob Werner akaliita grafiti, kwa neno la Kiyunani graphein, maana yake kuandika.

Chembe za grafiti zimepangwa tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu, na tabaka hizo huteleza kwa wepesi. Ndiyo sababu huacha alama karatasini, na unga wake hulainisha mashine. Tena hupitisha umeme na kuvumilia moto mkali. Kwa hiyo hutumika katika vyungu vya kuyeyushia madini na katika betri za simu. Nchini Tanzania yapatikana Mahenge, Ruangwa na Merelani.

Jambo hili si ubishi wa maneno tu. Risasi ya kweli ni sumu, hasa kwa watoto, nayo imo katika betri kuukuu za magari. Mtoto aliyechomwa na ncha ya penseli asitishwe kwa ajili ya jina. Bali yule achezeaye betri iliyopasuka na aonywe upesi.

Je, jina la kale litupwe? La, hasha. Jina hutunza habari za watu waliolitumia. Jangwani, jirani na Kariakoo, ni bonde la mto Msimbazi, nalo hufurika maji wakati wa mvua kubwa. Kariakoo nayo yatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914–1918. Wapagazi hawapo tena, jina lipo. Basi tuwafundishe watoto yote mawili: jina lilivyo, na kitu kilivyo.