Jointi ya CV

Jointi ya CV (hutamkwa "sivii", inaweza pia kuitwa kiungo cha mwendo sawa) ni kiungo cha chuma kinachowezesha ekseli kuzungusha gurudumu kwa mwendo usiobadilika, hata pale ekseli na gurudumu vinapokuwa haviko katika mstari mmoja. Inapatikana hasa katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kwa mfano Toyota Vitz, ambayo ni ya kawaida katika barabara za Afrika Mashariki. Kila ekseli ya mbele ina jointi mbili: ya ndani, upande wa giaboksi, na ya nje, upande wa gurudumu.

Jointi iliyochakaa hutoa milio ya kugonga au kudatuka. Ikikatika kabisa, injini hunguruma na gia huingia, lakini gari haliendi.

Historia

Kabla ya jointi ya CV ilitumika jointi ya msalaba, ambayo huhusishwa na Mwitalia Gerolamo Cardano na Mwingereza Robert Hooke. Kasoro yake ni kwamba ikipindwa, shafti inayozungushwa huongeza na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Katika gurudumu la mbele, ambalo hupinda sana kwenye kona, kasoro hiyo hutikisa usukani.

Katika miaka ya 1920 Wafaransa Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille walibuni jointi iliyoitwa Tracta. Katika miaka hiyohiyo Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford nchini Marekani, alibuni jointi inayotumia gololi. Mwaka 1959 gari dogo la Mini, lililosanifiwa na Alec Issigonis nchini Uingereza, lilitumia jointi za aina ya Rzeppa na kusaidia kueneza magari ya kuvutwa kwa mbele.

Muundo

Jointi ya nje kwa kawaida ni ya aina ya Rzeppa. Ina kikombe cha nje, kitovu cha ndani na gololi sita zinazokaa katika mifereji. Kizimba cha chuma huzishikilia gololi ili zikae daima katikati ya pembe ya shafti mbili. Hiyo ndiyo siri ya mwendo sawa.

Jointi ya ndani mara nyingi ina roli tatu zinazoweza kuteleza ndani na nje. Kwa njia hiyo urefu wa ekseli hubadilika gurudumu linapopanda na kushuka katika mashimo.

Jointi zote hujazwa grisi na kufunikwa kwa buti, yaani mpira wenye mikunjo. Mara nyingi uharibifu huanza hapo: buti hupasuka, grisi hutoka, mchanga na maji huingia, na mifereji ya gololi huanza kulika.

Uhusiano na difu

Ekseli zote mbili huanzia kwenye difu. Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha kwa usawa pande zote mbili. Haiwezi kuupa upande mmoja zaidi ya kile kinachohimiliwa na upande wa pili. Kwa hiyo gurudumu moja likiwa kwenye tope, hilo ndilo huzunguka bure, na la pili lililo pakavu hupata nguvu kidogo tu.

Ekseli ikikatika au kuchomoka, matokeo ni yaleyale: kipande kilichokatika huzunguka bure na gurudumu zima la upande wa pili halivuti. Ndiyo maana ekseli moja tu hulisimamisha gari lote.

Kutambua chanzo cha mlio

Milio mingi ya upande wa mbele hufanana. Ni muhimu kuangalia inatokea wakati gani:

- Mlio wa "tak-tak-tak" gari likikata kona, unaoongezeka kasi pamoja na mwendo: jointi ya nje. Mara nyingi ni ya upande ulio nje ya kona. Kona ya kushoto huonyesha ubovu wa kulia.
- Mgongo mmoja mzito wakati wa kukanyaga au kuachia mafuta: jointi ya ndani, au mipira inayoshikilia injini.
- Mtikisiko wakati wa kuongeza mwendo katika barabara nyoofu, unaotulia mafuta yakiachiwa: jointi ya ndani.
- Mlio wa kudatuka usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama: si jointi ya CV. Angalia boljointi, tairodi na beringi ya juu ya shokapu.
- Mvumo usiokoma unaopanda na mwendo: beringi ya gurudumu.

Jaribio rahisi ni kuzunguka polepole katika uwanja mtupu, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kwanza kushoto kisha kulia. Baadaye angalia buti zote nne. Grisi iliyorushwa upande wa ndani wa ringi ni ushahidi kwamba buti imepasuka.

Kutambua chanzo cha gurudumu kuzunguka bure

Injini ikipandisha mizunguko bila gari kuongeza mwendo, kuna mambo matatu ya kutofautisha:

1. Gurudumu lenyewe linateleza barabarani. Sababu ni tope, changarawe, tairi lililokwisha au mafuta kukanyagwa kwa nguvu. Kwenye mlima hali huzidi, kwa kuwa uzito wa gari huhamia nyuma.
2. Magurudumu hayatelezi, lakini mwendo hauongezeki. Klachi au giaboksi ndiyo inayoteleza.
3. Kulisikika mdatuko mkubwa, kisha gari likaacha kuvuta. Jointi imekatika au ekseli imechomoka.

Gurudumu likiteleza na kushika kwa zamu, gari hurukaruka kwa mbele. Mishtuko hiyo huumiza jointi, hivyo dereva aachie mafuta mara moja.

Tahadhari

Katika gari la kuvutwa kwa mbele lenye gia za kujiendesha, alama ya "P" hufunga giaboksi, si magurudumu moja kwa moja. Ekseli ikikatika, "P" haiwezi kulishika gari, na katika mteremko litabiringika. Vuta breki ya mkono na weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu kabla ya mtu yeyote kuingia chini.

Kuwasha injini na kuingiza gia gari likiwa kwenye jeki ni hatari. Gurudumu moja likiwa hewani, huzunguka mara mbili ya mwendo unaosomeka kwenye dashibodi. Aidha, magurudumu yakining'inia, ekseli hupinda kuliko kawaida na hata jointi nzima inaweza kutoa mlio, ikamfanya fundi abadilishe kisichoharibika.

Buti iliyopasuka ikigunduliwa mapema kabla ya mlio kuanza, jointi inaweza kusafishwa, kutiwa grisi mpya na kufungwa buti nyingine. Mlio ukishaanza, chuma kimekwisha kulika na grisi haitakirudisha. Dawa ni kubadilisha jointi au ekseli nzima.