Ndege Aliyejeruhiwa ni Amana ya Askari

Mabaharia waishio na kufanya kazi katika vyombo vya matanga huwaokota mara kwa mara ndege wa bahari walioumia mabawa na kuanguka sitahani. Arua na Koboko ziko mbali na bahari. Hata hivyo, askari wa huko naye huishi mahali pa kazi yake, na jukumu kama hilo laweza kumfika akiwa zamu.

Ndege wa mbali hupita kwetu kila mwaka. Shakwe wa Bahari ya Baltiki huruka zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Ufini hadi maziwa yetu, hasa Ziwa Victoria. Korongo weupe wa Ulaya huzunguka kupitia Uturuki na Sinai, kisha hulifuata bonde la Nili kuelekea kusini, kwani hutegemea hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini, ambayo baharini ni haba. Koboko iko karibu na Salia Musala, zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Askari ana mpaka wa kulinda. Ndege hana habari nao.

Huenda ndege huyo akawa na pete mguuni. Desturi hiyo ilipata nguvu mwaka 1899, pale Hans Christian Mortensen, mwalimu wa Denmark, alipowavisha kwezi pete zenye namba. Siku hizi wengine hubeba mgongoni kifaa kidogo chenye kupeleka habari za safari yao kwa satelaiti.

Mwaka 2013, huko Qena nchini Misri, korongo mwenye kifaa cha namna hiyo alipelekwa kituo cha polisi akishukiwa kuwa chombo cha ujasusi. Wataalamu walithibitisha kwamba kifaa kilikuwa cha uchunguzi wa safari za ndege tu. Aliachiliwa, lakini punde ikaripotiwa kwamba ameuawa na kuliwa. Hatuwacheki polisi wale: kifaa kisichojulikana lazima kichunguzwe, na kumwita mtaalamu ndiyo njia sahihi. Funzo ni kwamba ulinzi usikome pale shaka inapoondoka.

Basi askari afanyeje? Amfunike ndege kwa kitambaa, kichwa pamoja na mabawa, naye ajilinde macho, kwani korongo hudonoa kwa nguvu. Amweke katika boksi lenye matundu, mahali pa giza na kimya. Asimmiminie maji mdomoni, yasije yakaingia mapafuni. Wala asimlishe ugali au maziwa. Pete isivuliwe: namba na maneno yake yanakiliwe. Kisha apashwe habari ofisa wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1996. Kule Entebbe kipo kituo kilichoanzishwa mwaka 1952 kuwa makao ya wanyama yatima, na hadi leo hupokea wanyama waliookolewa.

Tahadhari moja ni kubwa. Januari 2017 ndege wa porini walikutwa wamekufa ufukoni Lutembe, karibu na Entebbe, ikathibitishwa kuwa ni mafua ya ndege. Kwa hiyo mikono ivikwe glavu na ioshwe kwa sabuni baadaye. Wakionekana wengi wamekufa pamoja, wasiguswe wala wasiliwe. Aitwe daktari wa mifugo wa wilaya.

Mwisho, tukio hili liandikwe katika kitabu cha matukio kama mengine yote: saa, mahali, hali ya ndege, namba ya pete na jina la aliyempokea. Mstari mmoja wa namna hiyo, ulioandikwa kwa uangalifu kule Koboko, waweza kumjulisha mtaalamu wa Helsinki mahali alipofikia ndege aliyemvisha pete kwa mkono wake.