Mrushaji wa besiboli hupikwa vipi? Somo la Uganda kwa vijana wa Kilimanjaro

KWA wakazi wengi wa Moshi, besiboli ni mchezo wa kwenye filamu za Kimarekani. Hata hivyo, mchezo huo umekwisha kupanda mlima. Shule ya Sekondari Sanya Juu, wilayani Siha, ni miongoni mwa shule za Tanzania ambazo zimepata kupeleka timu katika mashindano ya taifa.

Mashindano hayo hufahamika kwa jina la Tanzania Koshien, kwa kufuata yale maarufu ya shule za sekondari nchini Japani. Wajapani ndio waliosaidia kuueneza mchezo huu mashuleni katika miaka ya 2010, na mwaka 2018 ulifunguliwa uwanja wake katika Shule ya Sekondari Azania, jijini Dar es Salaam.

Swali linalobaki ni moja. Kijana wa miteremko ya Kilimanjaro mwenye mkono mwepesi anaweza kufika wapi, na kwa gharama gani?

Jibu la kwanza linatoka kwa majirani. Nchini Uganda, mchezo huu ulianza kujengwa mapema zaidi, kwa viwanja, makocha na shule, baadhi yake zikiwa zimefadhiliwa na Mmarekani Richard Stanley. Mwaka 2012, watoto kutoka Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, huko Williamsport, Pennsylvania.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, klabu ya Los Angeles Dodgers iliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwenzao, mrushaji David Matoma, alisajiliwa na Pittsburgh Pirates, na mwaka 2024 alikwisha kufika katika timu ya klabu hiyo iliyoko Bradenton, Florida.

Bradenton si ligi kuu. Ni hapo ambapo wazazi na wanafunzi wengi hupotea njia, kwa kudhani kwamba kusaini mkataba ndiyo kufika.

Kila moja ya klabu 30 za ligi kuu ya Marekani ina ngazi ya timu za kulea wachezaji, ambazo kwa pamoja huitwa ligi ndogo. Chini kabisa ni timu za wanaoanza, zilizoko Arizona, Florida na Jamhuri ya Dominika. Juu yake kuna madaraja manne: A, A ya juu, AA na AAA. Tangu mwaka 2021, timu za madaraja hayo manne ni 120.

Kijana hupandishwa daraja moja baada ya jingine, na aliye wa daraja la juu anaweza kurudishwa chini au kuachwa wakati wowote. Wengi wao hawafiki ligi kuu.

Hata waliofika walisubiri. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pirates mwaka 2008, lakini alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu Aprili 2017, akiwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo. Mwananchi mwenzake, mrushaji Tayler Scott, alichaguliwa na Chicago Cubs mwaka 2011, akafika ligi kuu mwaka 2019 akiwa na Seattle Mariners.

Kipato nacho kilikuwa kidogo kwa muda mrefu. Kabla ya mkataba wa pamoja wa mwaka 2023, mchezaji wa ngazi ya chini kabisa alilipwa takriban dola 4,800 kwa mwaka. Mkataba huo ulikipandisha kiwango cha chini hadi dola 19,800, na dola 35,800 kwa daraja la AAA.

Je, wasaka vipaji hutazama nini kwa mrushaji? Jambo la kwanza ni kasi. Mrushaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo chenye kimo cha sentimita 25, umbali wa mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji kwa muda usiotimia nusu sekunde.

Lakini kasi peke yake haitoshi. Mwaka 2008, Pirates iliwasajili Wahindi wawili, Rinku Singh na Dinesh Patel, waliokuwa warusha mkuki na hawakuwahi kucheza besiboli. Mikono yao ilikuwa na nguvu, lakini hakuna hata mmoja aliyefika ligi kuu. Mrushaji hutakiwa pia kuulenga mpira, kuupinda, na kurudia mwendo uleule mara nyingi bila kuyumba.

Mlima nao una neno lake. Mpira hupinda kwa kusukumana na hewa, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyopungua. Uwanja wa Denver, ulio karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, unajulikana kwa kuwatesa warushaji: mpira hupinda kidogo, na ukipigwa huenda mbali. Vijiji vingi vya miteremko ya Kilimanjaro vinakaribia kimo hicho. Mrushaji anayejifunzia huko asishangae mpira wake ukibadilika tabia akishuka Dar es Salaam.

Hatari kubwa, hata hivyo, iko kwenye kiwiko. Ukano wa ndani wa kiwiko huchakaa kwa kurusha kupita kiasi, na ukikatika, tiba yake huwa upasuaji ambao ulifanywa kwa mara ya kwanza na Dk Frank Jobe mwaka 1974 kwa mrushaji Tommy John. Kupona huchukua mwaka mmoja au zaidi.

Kwa sababu hiyo, miongozo ya Marekani inataka kijana wa miaka 13 hadi 16 asirushe zaidi ya mipira 95 kwa siku, na wa miaka 17 na 18 asizidi 105, kisha apumzike kwa siku kadhaa. Japani, ambako warushaji wa shule walisifiwa kwa kuvumilia maumivu, iliweka kikomo cha mipira 500 kwa wiki mwaka 2020.

Kwa shule isiyo na daktari wa michezo, kinga hiyo haihitaji fedha. Inahitaji mtu mmoja pembeni ya uwanja mwenye daftari na kalamu, akihesabu, na kocha aliye tayari kumtoa mrushaji wake bora hata kama mechi inapotea.

Kitu kingine kisicho cha uwanjani ni cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2011, timu ya watoto wa Uganda ilifuzu kwenda Williamsport, lakini ikanyimwa viza kutokana na kasoro katika nyaraka za umri. Klabu za Marekani nazo husajili vijana wa nje kuanzia umri wa miaka 16, hivyo umri huchunguzwa kabla ya kipaji.

Kwa mzazi wa Siha, Hai au Rombo, hesabu inakuwa hivi: safari ya mrushaji huchukua karibu muongo mzima, wengi huishia njiani, na kiwiko hakina cha akiba. Cheti cha kidato cha nne kinabaki na thamani yake hata baada ya mkono kuchoka.