Kufundisha Ubadilishaji wa Injini kwa Kutumia Gari Mtoaji

Katika karakana za vyuo vyetu somo la injini aghalabu hufundishwa injini ikiwa juu ya benchi, imetengwa na gari lake. Mwanafunzi huijua pistoni, huijua krenki, huweza kutaja mipigo minne pasipo kusita. Lakini ukimuuliza ni kitu gani gari litakosa endapo injini hiyo itaondolewa na kuwekwa nyingine, atajibu kwamba litakosa mwendo, basi. Jibu hilo si la uongo, ila limepungukiwa mno. Katika makala haya twakusudia kueleza kazi moja ya karakana ambayo humlazimisha mwanafunzi kulitazama gari zima: kutoa injini ya gari la zamani na kuweka mahali pake injini yenye nguvu zaidi, iliyotolewa katika gari jingine. Gari hili la pili tutaliita gari mtoaji.

Tumechagua mfano ambao mwalimu wa Afrika Mashariki hatapata taabu kuuona kwa macho yake. Gari linalobadilishwa ni Landrova ya Series III, aina iliyotengenezwa Uingereza tangu 1971 hadi 1985, yenye injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Gari mtoaji ni Land Rover Discovery ya mwanzo, iliyotoka 1989, yenye injini ya dizeli ya sentimita za ujazo 2,495 na turbo, ijulikanayo kwa jina la 200Tdi. Injini hiyo ni mzao wa ukoo uleule wa injini za zamani za kiwanda hicho, na uso wake wa nyuma unaokutana na giaboksi haukuachana sana na ule wa wazee wake. Kwa hiyo giaboksi ya Series yaweza kufungwa nayo kwa marekebisho machache. Jambo hilo ndilo lililoifanya kazi hii ipendwe sana na wenye Landrova kuukuu huko Uingereza.

Somo la kwanza hufanyika darasani, ubaoni, kabla spana haijaguswa. Tunaandika namba mbili za ukubwa, 2,286 na 2,495, na kuwauliza wanafunzi injini mpya itazidi ya zamani kwa kiasi gani. Hutoa na kugawanya, nao hujibu: kama asilimia 9. Hapo tunaandika namba nyingine mbili, za nguvu ya kuzungusha. Injini ya petroli hutoa yapata newtoni-mita 160. Ile ya dizeli hutoa yapata 265, tena katika mwendo wa chini, mizunguko 1,800 kwa dakika. Ziada ni zaidi ya asilimia 60. Darasa hunyamaza kidogo. Ukubwa wa silinda, ambao kila kijana hujivunia anapotaja gari la mjomba wake, haukueleza jambo lenyewe. Kilicholeta tofauti ni turbo, ile feni ndogo izungushwayo na moshi wa ekzosi na kusukumiza hewa ndani ya silinda, ili dizeli nyingi zaidi ipate kuungua. Mwalimu asiharakishe hapa. Kipindi kizima kikiishia katika namba hizi nne, hakikupotea.

Kisha huja swali ambalo kwetu ndilo kiini cha somo zima: nguvu hiyo ya ziada itapita wapi? Tunawataka wanafunzi waifuate njia yake kwa kidole juu ya gari lenyewe, wakitambaa chini kama ikibidi: klachi, giaboksi, giaboksi ya pili yenye gia nzito na nyepesi, propela, difu, shafti za ekseli, magurudumu. Kila kituo waandike uwiano wa gia. Katika Series III gia ya kwanza ni 3.68, gia nzito ya giaboksi ya pili ni 2.35, na difu ni 4.7. Ukizizidisha wapata karibu 40.7. Basi newtoni-mita 160 za injini ya zamani, tukiacha kando upotevu wa msuguano, huwa kama 6,500 zifikapo kwenye ekseli. Na zile 265 huwa kama 10,800. Chuma kilichobuniwa kwa mzigo wa kwanza sasa chatakiwa kuubeba wa pili. Wenye Landrova hizi wanafahamu kuwa shafti za ekseli ya nyuma ndizo aghalabu hukatika kwanza, hasa gari linapojinasua kwenye tope dereva akiwa na mguu mzito. Mwanafunzi aliyekwisha kupiga hesabu hii hahitaji kuonywa mara ya pili. Ameliona onyo katika daftari lake mwenyewe.

Hesabu ya mwendo huleta hatari ya namna nyingine. Kwa gia ya mwisho, giaboksi ya pili ikiwa katika gia nyepesi ya 1.15, uwiano wote ni kama 5.4. Tairi la 7.50-16 huenda takriban mita 2.5 kwa mzunguko mmoja. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, gari linakwenda kama kilomita 83 kwa saa. Watu wengi, wakishaona injini mpya ina nguvu ya kutosha, hubadili na difu pia, wakatumia ile ya uwiano wa 3.54 iliyo katika gari mtoaji au jamaa zake. Mizunguko ileile 3,000 sasa inalipeleka gari kilomita 110 hivi. Dereva hufurahi. Lakini nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo gari lililotoka 83 likafika 110 lina nishati karibu mara moja na robo tatu ya ile ya kwanza, na kazi ya kuisimamisha yote imeachiwa breki za ngoma zilezile katika magurudumu manne, juu ya springi za majani zilezile.

Kwa sababu hiyo tunashauri utaratibu ambao huenda ukawashangaza walimu wenzetu: kazi ya breki iende kwanza, kabla injini ya zamani haijatolewa. Ngoma zipimwe, viatu vibadilishwe, mabomba yenye kutu yaondolewe, silinda zinazovuja zifanyiwe kazi. Wanafunzi hawapendi. Wao wamekuja kuona injini ikining'inia kwenye winchi ya mnyororo. Mwalimu na avumilie manung'uniko, kwa kuwa kijana huyu kesho atakuwa na gereji yake kando ya barabara, na mteja atamletea gari la kubeba abiria akimtaka aliongezee nguvu tu, basi. Tabia atakayokuwa nayo siku hiyo ni ile aliyoizoea karakanani, wala si ile aliyoisoma.

Tukirudi kwenye swali la mwanzo, la vitu ambavyo gari litakosa, sasa twaweza kulijibu kwa ukamilifu zaidi. Injini ya petroli, mbali na mwendo, hulipatia gari uvutaji wa hewa. Kabureta inapofunga njia ya hewa, ndani ya manifoldi hutokea upungufu wa shinikizo, na pale gari lilipo na sevo ya breki, upungufu huo ndio unaousaidia mguu wa dereva. Injini ya dizeli ya aina hii haina kilango cha kuizibia hewa, kwa hiyo manifoldi yake haivuti. Fundi akiunganisha bomba la sevo mahali pa zamani, kanyagio litakuwa gumu kama jiwe. 200Tdi ina pampu yake maalumu ya kuvuta hewa, nayo haina budi kuhamishwa pamoja na injini na kuunganishwa na sevo. Tunapenda kuwaacha wanafunzi wabishane juu ya jambo hili pasipo kuwapa jibu. Mara nyingi hulipata wenyewe ndani ya dakika ishirini.

Kadhalika kuna namna ya kuizima. Injini ya petroli hufa ukiikatia cheche. Dizeli haina cheche. Hufa ukiikatia mafuta. Pampu ya 200Tdi ina vali ya umeme ambayo hufunguka ipatapo moto na kufunga ikoseshwapo, hivyo waya wake sharti utoke kwenye swichi ya ufunguo. Plagi za kupasha joto nazo zahitaji waya mnene na swichi yake. Tangi lisafishwe mpaka harufu ya petroli iishe, na liongezewe bomba la kurudisha dizeli isiyotumika. Halafu neno DIZELI liandikwe kwa rangi kando ya mdomo wa tangi, kwa herufi ambazo hata mtu wa kituo cha mafuta mwenye haraka ataziona.

Kuhusu gari mtoaji lenyewe tuna rai moja tu, ila twaishikilia kwa nguvu: chuo kisinunue injini tupu kikiweza kupata gari zima. Injini iliyo ndani ya gari yaweza kuwashwa, ikasikilizwa, ikapimwa mgandamizo wa kila silinda, moshi wake ukatazamwa. Iliyokwisha kulazwa chini haisemi kitu. Isitoshe, gari zima lina nati, vishikizo, mabomba na nyaya ambazo hakuna ajuaye kuwa atazihitaji hadi siku ya kuzihitaji. Kila kitakachofunguliwa kifungiwe kijikaratasi chenye jina na mahali kilipotoka, na mabaki ya gari yasiuzwe chuma chakavu mpaka Landrova itakapokuwa imetembea.

Injini ikiwa bado nje, mkanda wake wa taimingi ubadilishwe, maana kuufikia baadaye ni taabu. Bushi ndogo iliyo kwenye ncha ya nyuma ya krenki ipimwe kwa vernia, kwa sababu yapasa ilingane na ncha ya shafti ya giaboksi ya zamani, wala si ya gari mtoaji. Rejeta na ekzosi havina fumbo kubwa. Ni kazi ya kupima na kukata mabomba.

Turbo ndiyo yenye fumbo. Katika Discovery imekaa chini, ubavuni mwa injini, na ndani ya Landrova mahali hapo pana chasisi na kishikizo cha injini. Wapo wanaokata kipande cha chasisi ili kuipatia nafasi. Sisi tunakataza msumeno huo kabisa, hata pale ambapo mchomeleaji ni hodari. Chasisi ya gari hili ndiyo uti wa mgongo wake. Njia ya haki ni kutafuta manifoldi ya injini hiyohiyo kama ilivyofungwa katika Land Rover Defender, ambayo huiweka turbo juu zaidi. Ikikosekana, kazi ingoje.

Siku ya majaribio gari liendeshwe kwanza uwanjani, likisimamishwa mara kwa mara, ndipo litoke barabarani. Baada ya safari fupi ya kwanza kila nati ikazwe upya na kila bomba likaguliwe. Kadi ya usajili huonyesha namba na ukubwa wa injini, kwa hiyo mamlaka ya usajili na kampuni ya bima ziarifiwe, na wanafunzi waziandike barua hizo wenyewe. Katika kutoa alama sisi hugawa hivi: nusu kwa hesabu na daftari, robo kwa breki, na robo iliyobaki kwa injini yenyewe. Kundi likifikia uamuzi kwamba gari walilopewa halifai kubadilishwa, na likathibitisha kwa vipimo, hupata alama zake zote hata kama halikuinua chochote kwa winchi.