Oksijeni ya Marubani: Kwa Nini Safari Inaweza Kusubiri Valvu Moja

Kabla ya ndege kuruka, wahudumu humwonesha abiria barakoa ya oksijeni itakayoshuka juu ya kiti chake iwapo hewa itapungua. Upo mfumo mwingine wa oksijeni ambao abiria hauoni, nao ni ule unaowahudumia marubani. Makala hii inaeleza umuhimu wa mfumo huo, makosa yanayoweza kutokea unapofanyiwa matengenezo, na kwa nini ni halali safari kucheleweshwa kwa ajili yake.

Umuhimu wa mfumo

Ndege kubwa za jeti huruka katika mwinuko wa futi 35,000 hivi, yaani zaidi ya mita 10,000. Ndani ya ndege, mgandamizo wa hewa huongezwa ili ulingane na wa mahali pasipozidi futi 8,000. Mgandamizo huo ukitoweka, mtu asiye na oksijeni katika mwinuko wa futi 35,000 hubakiwa na sekunde 30 hadi 60 tu za kufikiri na kutenda sawasawa. Katika muda huo marubani wanatakiwa wawe wamevaa barakoa na kuanza kuishusha ndege.

Katika ndege nyingi, oksijeni ya abiria huzalishwa kwa kemikali na hutosha kwa takriban dakika 12. Muda huo umepangwa kwa kutarajia kwamba rubani atakuwa ameishusha ndege hadi kwenye hewa ya kutosha. Kwa hiyo barakoa ya abiria humfaa tu ikiwa ya rubani nayo inafanya kazi.

Makosa yanayoweza kutokea

*Valvu kutofunguliwa kikamilifu.* Oksijeni ya marubani kwa kawaida hutoka katika mtungi wa gesi. Fundi anapobadilisha mtungi hufunga valvu yake, na akimaliza hupaswa kuifungua hadi mwisho. Akisahau, kosa hilo si rahisi kugundulika. Gesi iliyobaki katika mabomba huweza kuifanya geji isome kama kawaida, na rubani akijaribu barakoa kwa pumzi moja au mbili, oksijeni hutoka, hukatika baadaye. Ndiyo maana geji hutazamwa wakati oksijeni inatiririka. Mshale ukishuka kwa kasi, au ukishuka kisha ukapanda polepole, valvu ya mtungi inapaswa kukaguliwa.

*Mafuta na uchafu.* Grisi au mafuta kidogo tu yakikutana na oksijeni yenye mgandamizo mkubwa yanaweza kuwaka bila kuwashwa na mtu. Kwa sababu hiyo mikono, glavu na vifaa vya fundi lazima viwe safi. Valvu nayo hufunguliwa polepole, kwani gesi inayoingia ghafla katika bomba huzalisha joto kali.

*Oksijeni yenye unyevu.* Oksijeni ya ndege hutakiwa kuwa kavu sana. Unyevu ukiingia unaweza kuganda kwa baridi na kuziba njia ya hewa.

Funzo la mwaka 2005

Tarehe 14 Agosti 2005, ndege ya Helios Airways aina ya Boeing 737 iliondoka Larnaca, Saiprasi, kuelekea Athens, Ugiriki. Kabla ya safari, mafundi walikuwa wamepima mfumo wa mgandamizo ndege ikiwa ardhini, na swichi yake haikurudishwa katika hali ya kujiendesha yenyewe. Marubani hawakulitambua hilo katika ukaguzi wao, na king'ora kilipolia walidhani kinahusu jambo jingine. Walipoteza uwezo wa kuiongoza ndege kwa kukosa oksijeni. Watu wote 121 waliokuwamo walifariki.

Kosa hilo halikuwa katika mtungi wa oksijeni, lakini ni la aina ileile: kifaa kiliguswa wakati wa kazi na hakikurejeshwa katika hali yake. Matengenezo hukamilika pale kila swichi na kila valvu iliyoguswa imerejeshwa, na hali yake kuthibitishwa.

Abiria afanye nini?

- Ukitangaziwa kwamba safari imechelewa kwa sababu ya ukaguzi wa oksijeni ya marubani, omba kufahamishwa muda unaotarajiwa, lakini usiwashinikize wafanyakazi waruhusu ndege iondoke.
- Barakoa ikishuka, vaa yako kwanza, kisha msaidie mtoto au mtu aliye karibu nawe.
- Ikiwa unahitaji oksijeni kwa sababu za kiafya, wasiliana na shirika la ndege kabla ya siku ya safari. Usibebe mtungi wako bila idhini.
- Ukiwa na malalamiko kuhusu huduma uliyopewa wakati wa kusubiri, yawasilishe kwanza kwa shirika la ndege kwa maandishi. Usiporidhika na majibu, yalete kwa Mamlaka pamoja na nakala ya tiketi yako.