Mbwa Uliyemwokoa Amekutwa na Saratani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukata Tamaa

Umemchukua mbwa kutoka kwenye makazi ya wanyama, au umemwokota mtaani akiwa amekonda. Umemwogesha, umempa jina, na watoto wameshamzoea. Wiki ya tatu unaona matone ya damu mahali anapolala. Unadhani yuko kwenye joto, unasubiri, lakini damu haikomi. Unampeleka kwa daktari wa mifugo, naye anakwambia ni saratani.

Wengi wakisikia neno hilo hufikiria mambo mawili tu: kumrudisha mbwa alikotoka, au kuomba achomwe sindano ya kumpumzisha. Kabla hujaamua lolote, uliza swali moja: ni saratani ya aina gani? Kwa mbwa aliyetoka mtaani, jibu linaweza kuwa ugonjwa ambao wengi wanaotibiwa hupona kabisa.

Saratani hii ni ipi?

Ni saratani inayoambukizwa kati ya mbwa na mbwa, hasa wanapopandana. Madaktari wa mifugo huiita kwa kifupi TVT. Hupatikana sana mahali ambapo mbwa wengi hawajafungwa kizazi na huzurura ovyo, na miji na vijiji vyetu vya Afrika Mashariki ni miongoni mwa mahali hapo.

Saratani nyingi huanza ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Hii ni tofauti. Seli hai za uvimbe hutoka kwa mbwa mmoja, hunata kwenye ngozi laini ya mbwa mwingine, na kuanza kukua hapo. Haiambukizwi na virusi wala bakteria. Seli zenyewe ndizo zinazohama. Wanasayansi wamegundua kwamba seli hizo zote, kwa mbwa wa dunia nzima, zimetokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita.

Mbwa pia huweza kuambukizwa kwa kunusana, kulambana au kung'atana. Ndiyo maana uvimbe huonekana zaidi sehemu za siri, lakini wakati mwingine hutokea puani, mdomoni au kwenye ngozi.

Dalili za kuangalia

• Damu au majimaji yanayotoka ukeni kwa jike, au kwenye ngozi inayofunika uume kwa dume. Damu ya joto kwa kawaida hukoma ndani ya wiki 3 hivi. Ikizidi hapo, usisubiri tena.
• Kujilamba sehemu za siri mara kwa mara.
• Kinyama chekundu chenye vinundu kama koliflawa, kinachotoa damu kikiguswa.
• Kupiga chafya, kutokwa damu puani, au uso kuvimba upande mmoja, endapo uvimbe uko puani.

Uvimbe huweza kuchukua miezi 2 hadi 6 tangu maambukizi hadi kuonekana. Kwa hiyo siku uliyomchukua huenda hakuwa na dalili yoyote. Hukukosea kumchagua, na si lazima waliokupa walikuficha jambo.

Ugonjwa unathibitishwaje?

Daktari hugandamiza kioo kidogo kwenye uvimbe, au huchukua seli kwa sindano nyembamba, kisha huziangalia kwa darubini. Seli za TVT zina umbo la mviringo na vitundu vyeupe vinavyofanana na mapovu. Kipimo hiki ni rahisi na mara nyingi majibu hupatikana haraka. Kama umeambiwa "saratani" kwa kutazama tu kwa macho, omba kipimo hiki kifanyike. Kuna vimbe nyingine zinazofanana nayo, na tiba zake si moja.

Omba pia damu ipimwe. Mbwa wa mtaani huwa na kupe wengi, na kupe huambukiza magonjwa ya damu, mojawapo likiitwa erlikia. Ugonjwa huo hupunguza chembe zinazogandisha damu, na wenyewe unaweza kumfanya mbwa atokwe damu puani. Akiwa nao, daktari huenda akautibu kwanza ili mwili upate nguvu ya kuhimili dawa ya saratani.

Matibabu

Dawa kuu ni vinkristini. Hutolewa kwa sindano kwenye mshipa, mara moja kwa wiki. Wengi huhitaji sindano kati ya 4 na 6, wengine hadi 8. Mara nyingi damu hupungua baada ya sindano ya kwanza au ya pili, na uvimbe huanza kunywea. Zaidi ya mbwa 9 kati ya 10 wanaomaliza dozi hupona.

Huenda asili ya dawa hii iko uani kwako. Ilitolewa kwanza kwenye ule mmea mdogo wenye asili ya Madagaska, wenye maua ya waridi au meupe ya petali tano, unaopandwa sana kwenye nyumba za pwani. Dawa hiyohiyo hutumika hospitalini kutibu saratani ya damu kwa watoto. Lakini usijaribu kumchemshia mbwa majani yake: mmea huo ni sumu, na kipimo sahihi hakipatikani kwenye sufuria.

Sindano hii haichomwi nyumbani. Dawa ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama vibaya sana, kwa hiyo ni lazima ichomwe na daktari kupitia kanula iliyokaa vizuri.

Kukata uvimbe kwa upasuaji peke yake mara nyingi hakutoshi, kwa kuwa seli chache zikibaki uvimbe hurudi.

Kumtunza nyumbani wakati wa dozi

Mbwa wengi huvumilia dawa hii vizuri, na wengi hawanyonyoki manyoya. Huenda akakosa hamu ya kula au akatapika siku moja mbili. Mpe chakula laini kidogo kidogo, na maji safi muda wote.

Jambo la kuogopa ni kupungua kwa seli nyeupe za damu, ambako hutokea siku chache baada ya sindano. Akilegea, akikataa chakula kabisa, au joto la mwili likizidi nyuzi 39.5, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Dawa hutoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi. Kwa angalau siku 3 baada ya kila sindano, vaa glavu unaposafisha, na osha mikono kwa sabuni. Mama mjamzito na watoto wasifanye kazi hiyo.

Na la muhimu kuliko yote: usiache dozi njiani. Wiki ya tatu uvimbe huenda usionekane tena, na mfuko umeshachoka. Hapo ndipo wengi huacha, na ugonjwa hurudi. Daktari ndiye atakayesema sasa basi, na huenda akaongeza sindano moja baada ya uvimbe kuisha.

Je, familia na mbwa wengine wako salama?

Binadamu hawaambukizwi saratani hii. Watoto wanaweza kuendelea kumpenda mbwa wao, ila wasishike sehemu yenye damu, kama ilivyo kwa kidonda chochote.

Mbwa wengine wanaweza kuambukizwa. Mtenge na mbwa wenzake hadi apone, na usimwachie atoke nje. Akishapona, muulize daktari ni lini afungwe kizazi au ahasiwe, na ni lini apewe chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa. Mbwa asiyezurura kutafuta wa kupandana naye ana nafasi ndogo sana ya kuupata tena.

Pesa, na swali la kumrudisha

Tuseme ukweli: kwa familia nyingi gharama si ndogo, na hukujiandaa nayo. Usione aibu kulizungumza. Kabla ya sindano ya kwanza, omba hesabu ya dozi nzima, pamoja na vipimo vya damu. Waambie pia waliokupa mbwa. Makazi mengine yana daktari wao au makubaliano ya bei nafuu, na hata wakikosa pesa wanahitaji kujua ili wawachunguze mbwa waliokaa naye.

Ukiona kweli huwezi, kumrudisha kwa watu watakaomtibu si dhambi. Kumwachia mtaani ndiko kunakomuumiza yeye na mbwa wengine.

Pale dawa inapogoma

Mbwa wachache hawapati nafuu kwa vinkristini. Daktari anaweza kujaribu dawa nyingine, kama doksorubisini. Ni mara chache ugonjwa kusambaa hadi machoni au kwenye ubongo, na hapo uwezekano wa kupona hupungua. Mbwa akiwa na maumivu yasiyotulizika, kumpumzisha kwa mkono wa daktari ni huruma. Lakini uamuzi huo uje baada ya kipimo na tiba, usitokane na hofu ya neno lenyewe.

Maswali ya kwenda nayo kwa daktari

• Mmethibitisha kwa darubini kuwa ni TVT?
• Damu yake inaonyesha nini? Ana ugonjwa wa kupe?
• Zitahitajika sindano ngapi, na jumla ni shilingi ngapi?
• Nikiona dalili mbaya usiku, nimpigie nani?

Yaandike kwenye karatasi, kwa sababu siku ya habari mbaya mtu husahau hata alichokwenda kuuliza. Mpigie daktari leo upange siku ya sindano ya kwanza, maana uvimbe ukiwa bado mdogo huhitaji sindano chache zaidi.